Tenga la Nyanya Mlangoni

Kila alipoamka, kitu cha kwanza Stara kukitazama kilikuwa vidole vyake. Alivitoa ndani ya shuka, akavinyoosha, akajaribu kuvikunja ngumi. Vikikunjika, alimshukuru Mungu akaenda kukanda unga. Visipokunjika, alikaa kitandani akivisugua kwa mafuta ya karafuu huku akiitukana baridi, akilitukana godoro, na akimtukana hata marehemu mumewe aliyekwenda zake akamwachia mgahawa wa kuendesha peke yake. Ulimi alikuwa nao mama yule, tusifichane.

Mgahawa wenyewe ulikuwa karibu na stesheni ya reli, pale Dodoma mjini, chumba kimoja cha bati chenye meza ndefu na mabenchi, jiko likiwa uani. Watu walifuata chapati zake na mchuzi wake wa maharage. Na chapati, jamani, hazikandwi kwa mdomo. Zinataka mikono, na mikono ya Stara ilikuwa inamwishia. Hospitali walimwambia ni baridi yabisi, ugonjwa wa viungo, wakampa vidonge. Akivimeza alipata nafuu, akivisahau maumivu yalirudi, na alikuwa msahaulifu wa dawa tangu utoto wake.

Kila asubuhi, kabla wateja hawajajaa, alifika Bartolomayo. Huyu alikuwa Mgogo wa kijiji cha Zuzu, mrefu, mkavu, masikio yametobolewa tangu utotoni, na kofia ya pama ya mitumba ambayo hakuivua hata akiwa anakunywa chai. Alikuwa na bustani ya kumwagilia kwa ndoo, na ndiye aliyemletea Stara nyanya, bilinganya, pilipili na ngogwe, zile nyanya chungu, kwa baiskeli, miaka na miaka. Lakini hakuwa mtu wa kuingia tu akapokelewa mzigo wake. Alilishusha tenga, akaliweka katikati ya mlango, akasimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Mnyamwezi! Hapa ni Ugogo hapa. Lipa hongo ndiyo upite!"

"Nitakulipa maji ya moto usoni, mla mlenda wewe! Mvua ya mwaka huu mmeificha wapi?"

"Mjukuu wa mpagazi, tua mzigo kwanza ndiyo useme!"

Watu wakacheka, na Stara akamtupia chapati ya moto kwa juu ya tenga, akaidaka. Hiyo ndiyo ilikuwa hongo yake. Akishaila, mlango unafunguliwa.

Asiyewajua angedhani wanagombana. Stara alikuwa Mnyamwezi, ingawa Unyamwezini kwenyewe hakuwahi kutia mguu. Babu wa babu yake alipita Ugogo na msafara wa pembe, akabaki, akasilimu, akafungua biashara, na ukoo ukawa wa mjini. Enzi hizo Wagogo waliwatoza wapitaji hongo kwa maji ya visima vyao, na asiyelipa alikaa juani na kiu yake. Ugomvi ule ukapoa, ukabaki utani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Atakamata kuku wako na utasema ahsante. Na siku ukifa, mtani ndiye atakayekuja kuwachekesha wafiwa, amwige marehemu alivyotembea na alivyosema, azuie jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Mtani halii msibani. Kulia ni kazi ya wengine.

Kwa miaka yote hiyo Stara na Bartolomayo hawakuwahi kuitana majina. Mgogo. Mnyamwezi. Iliwatosha.

Sasa, siku moja akaja Shamila, binti wa kaka yake Stara, kutoka Dar es Salaam. Alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia mezani katika hoteli ya wageni, kucha zimepakwa rangi, kiatu kina kisigino. Alipokuwa akisema shikamoo aliushika mkono wa shangazi yake, akastuka.

"Shangazi, mbona vifundo vimevimba hivi? Nyanya unakula?"

"Nisile nyanya nile mawe?"

"Basi ndizo hizo zinazokumaliza! Kuna mama wa Kizungu alikaa hotelini kwetu, magoti yake mabovu, alikuwa hagusi nyanya, wala bilinganya, wala pilipili, wala viazi mviringo. Anasema vyote ni ukoo mmoja na mnavu. Vina kitu ndani yake kinaingia kwenye viungo."

Ukoo mmoja na mnavu! Stara hakuwahi kufikiri mboga zina ukoo. Lakini miaka ile ilikuwa miaka ya ruksa. Watu waliokuwa wamepanga foleni ya sabuni mpaka wakazeeka sasa waliona maduka yamejaa, mitumba imemwagwa njiani, kila kitu kimetoka nje, na chochote kilichotoka nje kilionekana kina akili kuliko cha nyumbani. Mama wa Kizungu na magoti yake alisadikiwa kabla hajamaliza kusimuliwa.

Haki yake tumpe, alikwenda kumuuliza daktari. Daktari hakumcheka.

"Mama, wapo wanaoziacha wakasema wamepata nafuu," alimwambia. "Na wapo wengi wanaoziacha wasione tofauti yoyote. Hakuna aliyethibitisha kwamba ndizo zinazoleta ugonjwa huu. Ukitaka, ziache wiki kadhaa ujipime mwenyewe. Lakini dawa usiache."

Maneno mazuri kabisa. Stara alichukua nusu ya kwanza akaenda nayo nyumbani, nusu ya pili akaiacha palepale kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi iliyofuata vidole vilikataa kabisa. Alikaza meno, akakanda kwa viganja na viwiko, chapati zikatoka nene na zimepinda. Mteja mmoja akauliza kama leo amepika mwanafunzi. Alipokwenda kuinua sufuria ya maharage, mkono ukaachia. Sufuria ikaanguka, maharage yote chini, mchuzi mwekundu ukamrukia miguuni. Akasimama akiutazama ule wekundu wa nyanya, machozi yamemlenga.

Ndipo tenga likatua mlangoni.

"Mnyamwezi! Umeanza kumwagia ardhi ya Wagogo chakula? Leo hongo ni mbili!"

Watu wakaanza kucheka. Stara hakucheka.

"Ondoa sumu yako mlangoni kwangu."

"Sumu ni wewe, mpagazi!"

"Nimesema ondoa! Miaka yote unanilisha haya madude, unapokea chapati zangu unacheka, na mimi vidole vinakufa. Tazama!" Akanyoosha mikono. "Tazama ulivyonifanya! Usiniletee tena. Wala usirudi hapa."

Bartolomayo bado alikuwa na tabasamu, akingoja mwisho wa utani, maana utani huwa na mwisho.

"Sitanii, Bartolomayo," akasema Stara.

Jina lile ndilo lililomfuta tabasamu. Akainama, akalibeba tenga lake, akalifunga kwenye baiskeli taratibu.

"Haya, Stara," alisema, akaondoka.

Nyanya hazikuingia tena jikoni kwake. Alipika maharage kwa karanga, samaki kwa ukwaju, mchicha kwa chumvi tupu. Wateja wakanung'unika, wengine wakahamia kwa Rukaya ng'ambo ya barabara. Stara aliwaacha waende, maana mwanzoni alijisikia vizuri. Vidole vilikunjika asubuhi, akawa anavionyesha kwa kila aliyeketi mezani. "Nyanya hizo! Nilikuwa ninajiua mwenyewe." Kwamba siku hizohizo alikuwa anakumbuka kumeza vidonge vyake, maana Shamila alikuwepo akimkumbusha, hilo hakulitia hesabuni.

Shamila akarudi Dar es Salaam. Vidonge vikasahauliwa. Ukaja ule upepo wa baridi wa Dodoma unaopita hata kwenye tundu la ufunguo, na vifundo vikavimba kuliko zamani, magoti nayo yakajiunga. Nyanya alikuwa hajaitia mdomoni tangu siku ile ya sufuria. Akakaa kitandani, mikono ameiweka mapajani, akajiambia ukweli wote. Labda kwa mwingine ni nyanya. Kwake yeye sizo. Na kama sizo, basi amemfukuza mtu bure.

Loo, na jinsi alivyomkosa! Mlango ulikuwa wazi kila asubuhi na haukuwa na mtu wa kuuziba. Kijana mwingine alimletea mchicha, akamsalimu kwa adabu, akaondoka kwa adabu, na adabu yenyewe ilimchosha. Stara alitaka kutukanwa. Alitaka mtu amwambie babu yake alikuwa mpagazi.

Mtu angesema, si aende akaombe radhi? Lakini watani hawaombani radhi, hilo halipo. Aliyekosea huja tu na matusi mapya, mwenzake akajibu, mambo yakaisha. Stara alingoja Bartolomayo aje na matusi yake. Hakuja. Akamuuliza Damas, muuza maziwa anayetoka Zuzu, kama yule Mgogo bado yuko hai.

"Yupo, mama. Yuko bustanini kutwa. Anasema ana kazi, ikiisha atakuja mjini."

"Kazi gani hiyo isiyoisha?"

"Hakuniambia. Alicheka tu."

Stara akaona huyo amenuna, anajifanya ana kazi. Naye akanuna zaidi. Ndivyo walivyoipoteza miezi ile, wazee wawili wazima.

Halafu asubuhi moja Damas hakuonekana na maziwa yake, na Stara, bila kujua kwa nini, akachoka kungoja. Akafunga mgahawa. Akakanda unga kwa viganja, kwa viwiko, kwa kuomba Mungu, akachoma chapati, akazifunga kwenye kitambaa kisafi. Akajitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi, akapanda lori la mchanga linaloelekea Zuzu, dereva akamshusha penye njia ya kwenda kwa Bartolomayo.

Njia nzima alipanga matusi. Magoti yalimuuma akasimama mara kwa mara, lakini kila aliposimama aliongeza tusi moja, akacheka peke yake. Aliamua asimpe nafasi ya kununa. Ataanzia mbali, kabla hajaonekana, ili Mgogo akitoka nje akute tayari ameshatukanwa.

Boma la Bartolomayo lilikuwa limezungushiwa minyaa mirefu, huoni ndani. Stara alipofika kwenye minyaa akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka kunguru wakaruka.

"Wee Mgogo! Umelala mpaka sasa? Njaa imekumaliza au uvivu? Amka, mla mlenda mkubwa! Unajificha humo ndani kama mwali, watu wazima wako kazini! Toka nje! Nimekuletea hongo yako, toka uipokee!"

Upande wa pili wa minyaa mtu mmoja akacheka, kicheko chembamba kilichochanganyika na kilio, na sauti ya mwanamke ikapaa: "Mtani! Mtani wake amekuja!"

Stara akauzunguka ua. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Wanawake wameketi chini kwenye mikeka, kanga vichwani. Wanaume wamesimama, kofia mikononi. Kasisi alikuwa na kitabu chake. Na kupitia mlango wa ile tembe ya udongo, ndani gizani, aliona mbao mpya za jeneza.

Akajisemea moyoni, Inna lillahi.

Mwanamume mmoja akamjia mikono yote miwili mbele, machozi mashavuni, na anatabasamu. Stanley, mdogo wake Bartolomayo. "Ahsante, mama. Ahsante sana. Tulikuwa tunaulizana tutamtoaje ndani bila mtani wake. Homa ilimpanda kichwani usiku, hata hatukuwahi kumfikisha hospitali. Damas hakutuaga kwamba anakwenda kukwambia, kumbe alikwambia!"

Hakuna aliyemwambia. Damas alikuwa pale pale, ameshika chepe la kuchimbia kaburi. Stara aliwatazama wale watu, wote wamemgeuzia nyuso, wanamngoja. Wengine walikuwa wameshaanza kucheka kabla hajasema neno, kwa haja waliyokuwa nayo ya kucheka kidogo. Angeweza kusema, sikujua. Angeweza kusema, nilikuja kwa sababu nilimkosea. Badala yake akaitazama kofia ya pama iliyotundikwa kwenye nguzo ya mlango, akaenda akaichukua, akaivaa.

Akamwiga. Akatembea kwa hatua ndefu za Bartolomayo, kwa magoti yale mabovu, akasukuma baiskeli isiyokuwepo. Akashusha tenga lisilokuwepo. "Mnyamwezi! Hapa ni Ugogo hapa!" Sauti ilimtoka ileile, nzito na ya puani kidogo, na watu wakapiga kelele. Wazee wakajishika mbavu. Bibi mmoja alicheka mpaka akalala mkekani. Stara akamtukana maiti kwa uvivu, akamtukana kwa kofia yake, akasema amekufa ili akwepe kulima. Kila neno aliloliandaa njiani lilipata kazi. Na ndani ya kifua chake kulikuwa na kitu kinapanda, naye anakisukuma chini, kinapanda, anakisukuma, maana mtani halii.

Vijana wakaingia kulibeba jeneza. Stara akaona tenga tupu kando ya ukuta, lile lile la siku zote. Akaliburuta, akaliweka katikati ya mlango, na yeye mwenyewe akaketi nyuma yake, chini, miguu ameinyoosha kizingitini. Kuketi kulimuuma mpaka akaona nyota. Alijua makaburini hatakwenda, kwa desturi ya wanawake wa dini yake. Mlango ule ulikuwa ndio mwisho wake na Mgogo.

"Hapiti mtu!" akasema. "Hongo kwanza!"

"Tutakupa kuku, mtani," akasema Stanley.

"Kuku wa Wagogo ni mifupa mitupu. Sitaki."

"Mbuzi, basi."

"Mbuzi mwenyewe hajui kula, amefundishwa na ninyi kufunga. Sitaki!" Watu wakacheka. Stara akaivuta kofia ikamfunika macho, akapaza sauti ili asikike mpaka nje ya minyaa, na asikike mpaka kwenye zile mbao pia. "Nataka nyanya! Nataka tenga hili lijae nyanya za mvivu huyu, na bilinganya zake, na pilipili. Nizile hapa hapa mbele yenu. Bila nyanya za Mgogo huyu, hatoki mtu!"

Hiyo ndiyo radhi aliyoijia. Hakujua namna nyingine ya kuiomba.

Alingoja kicheko, hakikuja. Stanley alitazama chini. Kutoka ndani, nyuma ya jeneza, akatoka Priska, mjane, uso umevimba kwa kulia. Akapita pembeni ya vijana, akachuchumaa mbele ya Stara, tenga likiwa katikati yao.

"Mtani, nyanya hakuna," alisema taratibu.

"Wagogo wabahili ninyi..."

"Hakuna, mama. Alizing'oa. Aliporudi siku ile kutoka kwako alishika jembe, akang'oa zote. Nyanya, bilinganya, pilipili, hata ngogwe za pembezoni. Nilimpigia kelele, nikamwambia huyo anakutania. Akasema hapana, ameniita jina. Mikono inamuuma, akasema, siwezi kumlimia mtani wangu ugonjwa."

Priska akageuka, akapewa beseni na binti yake. Lilikuwa limejaa bamia, changa, za kijani kibichi, zimepangwa vizuri.

"Akapanda hizi. Alimuuliza bwana shamba, akaambiwa bamia si za ukoo wa nyanya. Kila siku anazichungulia. Nikamwambia nenda basi ukamsalimie, akasema nikienda mikono mitupu atanicheka. Hizi tumezichuma jana. Alisema leo angekuletea." Akazimimina kwenye tenga. "Ndiyo hongo yako."

Stara alishika bamia moja. Vidole havikukunjika vizuri, ikamponyoka. Akashika nyingine. Kile kitu cha kifuani kikapanda, na safari hii hakukisukuma. Akalia. Alilia mdomo wazi, kwa sauti, kofia ya Bartolomayo imemwangukia mapajani, na hakuna aliyewahi kuona mtani analia hivyo. Mzee mmoja alitaka kumkataza, akaacha. Kasisi akafunga kitabu chake akangoja.

Stanley akainama. "Mama," akasema, "hongo imelipwa."

Ilikuwa imelipwa, naye alijua. Akaegemea kiganja ajiinue, magoti yakakataa. Akajaribu tena. Vijana walikuwa wamesimama juu yake na jeneza mabegani, limewaelemea.

"Ngojeni," akawaambia. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Akakichukua kile kitambaa cha chapati, zilikuwa bado na joto kidogo, akakiweka juu ya bamia.

"Haya, Mgogo," akasema. "Pita."

Priska akamshika kwapa moja, Stanley jingine, wakamwinua na kumsogeza kando pamoja na tenga, jeneza likapita.